Mzungu wa Tatu Mezani Sydenham

Safari hii hatuandiki juu ya ngeli wala juu ya sherehe ya kufunga mwaka. Tunaandika juu ya karata sita alizoshika mwenzetu Jumamosi moja katika ukumbi mdogo wa Sydenham, hapa Durban, na hasa juu ya moja kati ya hizo sita.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa kuandika juu ya poka. Mhariri alitaka meza ya mwisho, yenye miwani myeusi na nyuso zisizosema kitu. Mwenzetu wa mwaka wa pili, ambaye ameomba tusimtaje jina, akacheka. "Poka mtaiona kasino. Njooni mtaani kwetu mwone thuni." Tukaenda, watu sita na daftari moja.

Thuni, ambayo wenyewe huiandika "thunee", ni mchezo wa karata wa Wahindi wa Durban. Wazee wao walianza kuja hapa kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Meli ya kwanza, Truro, ilitia nanga tarehe 16 Novemba 1860 ikitokea Madras, na hadi mwaka 1911 walikuwa wamefika zaidi ya watu 150,000. Wachezaji wengi husema jina la mchezo limetokana na neno la Kitamil lenye maana ya maji. Leo huchezwa vibarazani, vyuoni na katika mashindano ya kuchangisha fedha. Haya ya Sydenham yalikuwa ya kutengeneza paa.

Wachezaji ni wanne, wawili wawili, na wenzi hukaa wakitazamana. Karata ni 24 tu: kuanzia mbili hadi nane zote hutolewa. Kila mmoja hupewa sita. Kinachotushangaza sisi ni thamani zake. Karata kubwa kuliko zote ni ile yenye picha ya kijana, yenye pointi 30. Inafuata tisa, pointi 20, halafu ree 11, kumi 10, mfalme 3 na malkia 2. Ushindi huhesabiwa kwa "mipira", na anayefikisha 12 kwanza ndiye bingwa.

Mwenzetu alikuwa amejifunza karata nyingine kabla ya hizo. Baba yake ni mtu wa Tanga, na nyumbani kwao huchezwa wahedi wa sitini. Huko nane, tisa na kumi ndizo zinazowekwa kando. Ree ni 11, seti, yaani saba, ni 10, na karata za picha huitwa wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni kijana, wa pili ni malkia. Namba hizo ndizo pointi zake. Jumlisheni wenyewe: jumla ni 120, nusu yake 60, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda, na jina la mchezo ndilo hilo. Kopa, uru, shupaza, pau na turufu ni maneno tuliyoachiwa na Wareno pwani. Sisi tuliokulia mbali tuliyajua maneno haya kabla hatujajua kuandika sentensi ndefu ya Kiswahili.

Basi mzungu wa tatu, ambaye kwa baba yake ana pointi tatu, Sydenham ana thelathini. Na thuni hakufundishwa na baba.

Aprili 2015, wageni waliposhambuliwa katika mji huu, mwenzetu alikuwa na miaka kumi. Jirani yao, mzee wa Kihindi aliyekuwa dereva wa basi, aliwafungulia mlango usiku, nao wakakaa kwake siku nne, mapazia yameshushwa. Watoto hawakuruhusiwa kutoka. Mzee akatoa karata. Tangu siku hizo mwenzetu humwita Anko, na karibu kila Jumapili hucheza naye. Baba yake anamheshimu sana mzee yule, lakini mashindano ya hadhara hakuyapenda. Msemo wake ulikuwa huu: "Mwanangu, meza za watu zina wenyewe. Ukishindwa utasemwa, ukishinda utasemwa zaidi."

Jozi 16 zilianza asubuhi. Saa kumi jioni zilibaki mbili, na moja ilikuwa ya Anko na mwenzetu. Wapinzani wao walikuwa ndugu wawili wa makamo ambao, tuliambiwa, wamecheza pamoja tangu shule ya msingi. Watu waliacha sahani za mchuzi na kuizunguka meza. Tulipogeuka tulimwona baba yake amesimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi, kama mtu anayepita tu.

Mipira ilikuwa nane kwa saba, wetu wakiongoza. Karata zikagawiwa. Anko akazitazama zake, akazikunja, akasema neno moja: "Thuni."

Ukilitamka neno hilo umeahidi kula mizunguko yote sita wewe mwenyewe. Karata yako ya kwanza ndiyo inayotaja turufu. Ukitimiza, mipira minne, na kwao hiyo ilitosha kuwa mabingwa. Mpinzani akikukatiza, yeye ndiye anayepata minne. Wangefika 11, na mchezo ungeendelea. Lakini kwa kanuni za ukumbi ule, mwenzi wako akila hata mzunguko mmoja, wapinzani hupewa minane. Yaani adui akikukamata utapona, mwenzako akikukamata umekwisha. Na wenzi hawaruhusiwi kusemezana wala kukonyezana.

Mwenzetu alikuwa na mzungu wa tatu wa shupaza.

Anko akaanza na kijana wa kopa. Mwenzetu akafuata kwa malkia wa kopa, ambayo ndiyo kopa pekee aliyokuwa nayo. Mzunguko wa pili Anko akatupa tisa ya kopa. Sasa mwenzetu alikuwa huru kutupa chochote. Akatupa malkia wa pau. Wa tatu, ree ya kopa. Akatupa kumi ya pau. Tuliokuwa nyuma yake tuliona vidole vikiigusa shupaza na kuiacha. Baadaye alituambia: "Nilijua ni hatari. Lakini ni karata kubwa kuliko zote, mkono ulikataa kuiachia."

Mzunguko wa nne Anko akaweka kumi ya kopa. Mwenzetu alibakiwa na tatu: kumi ya uru, mfalme wa pau na yule kijana. Akakaa muda mrefu hata mmoja wa wale ndugu akakohoa. Kisha akamweka mzungu wa tatu mezani, polepole, kichwa juu. Ukumbi ukaguna. Anko hakuinua macho.

Mzunguko wa tano alikula kwa kijana wa uru. Wa sita akafunua karata yake ya mwisho, na ilikuwa tisa ya shupaza. Katika karata zote 24, moja tu ingeweza kuila, nayo ilikuwa imeshalala kifudifudi katika rundo lake mwenyewe.

Kelele za pale hatuwezi kuziandika. Zawadi ilikuwa kikombe kidogo na mfuko wa mchele, na Anko akauchukua mchele. Baba yake mwenzetu alifika mezani, akawapa mkono wale ndugu wawili kwanza, halafu Anko, halafu akamwuliza binti yake kwa Kiswahili nani alimfundisha kutupa vile.

"Si wewe, baba? Mwenzako akila, mpe."

Alikuwa anamwambia hivyo katika wahedi wa sitini, ambapo mwenzako akiwa anakula unamtilia pointi zako nzuri. Baba akatikisa kichwa, akavuta kiti na kuketi. Tulipoondoka saa moja usiku bado alikuwa amekaa pale, Anko akimwonyesha kwa nini tisa haitupwi.

Alhamisi ijayo, baada ya mkutano wa klabu, tutacheza michezo yote miwili. Walimu wetu mnakaribishwa, na mtakaa mkitazamana na wanafunzi. Kila mtu aje na pakiti yake, na tafadhali asiziache nyumbani tisa na kumi.