Kwa nini takwimu hupita na picha ya fomu hukwama

TARAKIMU chache za matokeo ya kura huweza kusafiri hata penye mtandao dhaifu. Picha ya Fomu 34A, ambayo ndiyo ushahidi wa tarakimu hizo, ni mzigo mwingine kabisa, hasa katika maeneo makavu yenye makazi yaliyotawanyika kama yale yanayouzunguka mji wa Mutomo, Kaunti ya Kitui.

Suala hilo limewahi kuitikisa nchi. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Takwimu ziliwasili upesi ilhali fomu nyingi zilichelewa. Mnamo Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, kasoro za upeperushaji wa matokeo zikiwa miongoni mwa sababu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme picha ina uzito wa megabaiti 2, na mtandao wa 2G unapitisha kilobiti 50 kwa sekunde. Safari itachukua zaidi ya dakika 5. Isitoshe, huduma nyingi za mtandaoni hugeuza picha kuwa herufi ili iingie ndani ya ujumbe wa maandishi, jambo linaloongeza uzito kwa takriban theluthi moja. Safari sasa hufikia dakika 7. Ikiwa seva imeagizwa kukata mawasiliano baada ya dakika 2, ujumbe huo hautafika hata ukitumwa mara kumi.

Kwa hivyo, fundi hodari huanza kwa kuchunguza namna ujumbe unavyokatika. Ukikataliwa kwa jibu la hitilafu nambari 413, umezidi kipimo kinachoruhusiwa na seva. Ukikatika kila mara baada ya muda uleule, tatizo ni ukomo wa kusubiri. Ukikatika ovyo, leo mwanzoni na kesho mwishoni, lawama ni ya mawimbi.

Kila ugonjwa una dawa yake. Kuongeza kipimo cha seva husaidia, lakini kukiwa na ujumbe mzito mwingi kwa wakati mmoja, kumbukumbu ya seva hujaa na huduma yote huzimika. Ni heri kupunguza uzito wa picha bila kufifisha maandishi na saini, kisha kuigawa katika vipande vyenye nambari. Mtandao ukipotea kwenye kipande cha saba, kazi huendelea kutoka hapo badala ya kuanza upya. Aidha, kila ujumbe uwe na utambulisho wake wa pekee, ili ukitumwa tena usihesabiwe mara mbili, na seva ithibitishe kwamba kilichopokelewa ndicho kilichotumwa.

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na modemu za setilaiti zilitumika mahali ambapo mitandao ya simu haikufika.

Hata hivyo, kinga ya mwisho haihitaji mawimbi: nakala inayobandikwa mlangoni mwa kituo, ambayo mpigakura anaweza kuilinganisha na picha iliyofika Nairobi.