Begi la kifuani: Mtaji usiponzwe na kamba

Begi dogo la kamba moja, linalovaliwa begani na kupita kifuani, limekuwa ofisi ya wafanyabiashara wengi wadogo kuanzia Manzese hadi Tandika na Mbagala. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, wakala wa mtaani hubeba humo simu, daftari na fedha za mzunguko. Kamba ikikatika kwenye msongamano wa daladala, kinachopotea ni mtaji.

Mnunuzi aanze na rangi. Agosti 2023, Jeshi la Wananchi (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Begi la mabaka linaweza kumtia mashakani mvaaji, na hata muuzaji aliyefungia fedha zake humo. Jeusi linatosha.

Pili, avute kamba kwa nguvu pale iliposhonwa. Ikilegea, fundi cherehani aongeze mshono wa msalaba kwa uzi wa nailoni kabla begi halijaanza kazi.

Ndani ya daladala livaliwe mbele, zipu ikielekea mwilini. Nauli ikae mfuko wa suruali, ili begi lisifunguliwe mbele ya watu.

Vumbi na jasho ndivyo huua zipu. Lifuliwe kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni bila jiki, kisha lianikwe kivulini, kwani jua kali hudhoofisha nailoni. Zipu inayokwama ipakwe nta ya mshumaa. Mshumaa mmoja ni nafuu kuliko begi jipya, sembuse mauzo ya wiki nzima.