Sura ya Sita: Uhuru Juu ya Ghuba ya Ungwana

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, kwenye ncha ya nchi kavu inayoingia Ghuba ya Ungwana. Anayefika huko huona mashamba ya chumvi, mikoko na ngalawa zilizopwelewa, na huko mbele, baharini, majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa kwa miguu mirefu. Mgeni hudhani ni mabaki ya watafuta mafuta. Hajakosea sana, kwa sababu moja kati ya hayo, Santa Rita, lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ila jingine, San Marco, lilikuwa uwanja wa kurushia roketi, na hapo ndipo binadamu alipotuma satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei, upande ambao jicho halijawahi kuuona tangu Adamu.

Watu wote tuliowataja katika sura zilizopita walitegemea kitu kimoja. Mkulima anayengoja Kilimia kichomoze ajue msimu, nahodha anayeshika njia kwa nyota, shekhe wa falaki anayekokotoa mwandamo wa mwezi, hata Galileo na darubini yake: wote walisoma mwanga unaopenya hewa. Mwanga huo ni sehemu ndogo tu ya mnururisho unaotoka kwenye nyota. Kuna mawimbi ya redio, ambayo hufika chini bila taabu. Kuna pia eksirei, na hizo hazifiki kabisa. Eksirei inayopiga picha ya mfupa hospitalini hupita mwilini kwa urahisi, lakini angahewa ni nene kuliko mwili, na miali ya eksirei kutoka angani hunyonywa yote makumi ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Ni bahati yetu, maana bila kinga hiyo tusingekuwepo. Kwa mwanafalaki ni kisirani: hata akijenga darubini juu ya Kibo haitamsaidia kitu.

Dawa ilikuwa roketi. Mwaka 1949 Wamarekani walitumia makombora ya V-2 yaliyotekwa Ujerumani kuthibitisha kwamba Jua hutoa eksirei, ingawa kidogo. Hesabu zikafanywa: kama nyota nyingine zinafanana na Jua, basi kwa umbali ziliko eksirei zake haziwezi kunaswa na chombo chochote cha wakati ule. Wengi wakaona hakuna haja ya kuendelea. Riccardo Giacconi, mwanafizikia Mwitaliano aliyehamia Marekani, hakukubali. Juni 1962 yeye na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico, kwa maelezo kwamba wanatafuta eksirei zinazoakisiwa na Mwezi. Roketi ilikaa juu ya hewa nzito kwa takriban dakika 6 kisha ikaanguka. Ndani ya dakika hizo ilinasa chanzo kikali upande wa kundinyota la Nge, ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na Mwezi. Kitu hicho, Scorpius X-1, hutoa nguvu nyingi mno kwa eksirei kuliko kwa mwanga wa kawaida. Jua letu ni kinyume chake. Kumbe nyota zote hazifanani.

Miaka minane iliyofuata kazi iliendelea hivyo hivyo, kwa vipande vya dakika. Roketi inapanda, inachungulia, inaanguka. Kuchora ramani ya anga kwa mtindo huo ni kazi isiyokwisha. Ilihitajika satelaiti, tena ipite juu ya ikweta.

Sababu za ikweta ni mbili. Ya kwanza inajulikana: dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anasafirishwa mita 465 kila sekunde bila yeye kuhisi. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo mfukoni, ikabeba mzigo zaidi kwa mafuta yale yale. Ya pili husemwa mara chache, lakini ndiyo iliyowashinikiza wanafalaki. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye chaji, na juu ya Atlantiki ya Kusini mikanda hiyo hushuka chini sana. Satelaiti ikipita pale, vitambuzi vyake hupigwa na chembe hizo hadi vikashindwa kutofautisha kelele na ishara. Obiti iliyolala juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya balaa hilo. Ukirusha roketi kutoka Florida, obiti yake lazima iiname kwa nyuzi 28 na ushee, isipokuwa uchome mafuta mengi kuirekebisha. Ungwana iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo roketi ikiharibika haimwangukii mtu.

Aliyeiona faida hiyo mapema alikuwa Luigi Broglio, mhandisi na mwanajeshi wa anga aliyefundisha Chuo Kikuu cha Roma. Italia haikuwa na kipande cha ardhi kwenye ikweta wala fedha za kushindana na wakubwa. Alichofanya Broglio ni kuchukua majukwaa ya baharini, kuyaleta mbele ya Ngomeni kwa makubaliano na Kenya, na kuomba roketi za Scout kutoka NASA. Scout ilikuwa roketi ya hatua nne za mafuta yabisi, urefu wa mita 23 hivi, ndogo na ya bei nafuu kwa vipimo vya wakati ule. Satelaiti ya kwanza kurushwa hapo, San Marco 2, iliruka Aprili 1967.

Zamu ya Giacconi ilifika tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru siku hiyo, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi, akaipa satelaiti jina la Uhuru. Townsend alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuongoza mradi wa satelaiti NASA. Nao mafundi walioirusha walikuwa Waitaliano: Uhuru ikawa satelaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine.

Chombo chenyewe hakikuwa na makuu. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 na ushee, na ndani yake seti mbili za vitambuzi zilizopeana mgongo. Kila seti ilikuwa kisanduku kilichojaa gesi ya agoni, chenye dirisha la berili nyembamba linaloruhusu eksirei kuingia. Mwali ukigonga atomu ya agoni huing'oa elektroni, waya wenye volti nyingi hunasa mshtuko huo, na hesabu inaongezeka moja. Mbele ya dirisha kulikuwa na vijia vyembamba vya chuma vinavyozuia kila kitu isipokuwa ukanda mdogo wa anga, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Kisha satelaiti nzima ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12. Nyota ya eksirei ikiingia kwenye ukanda, hesabu inapanda, ikitoka, inashuka. Hakuna kioo wala picha, ni namba tu. Kwa namba hizo, hadi ilipozimika mwaka 1973, Uhuru iliacha orodha ya vyanzo 339.

Orodha ni jambo jema, lakini kilichowakosesha watafiti usingizi ni vyanzo viwili vitatu tu.

Centaurus X-3 ilikuwa ikidunda kila baada ya sekunde 4.8, sawasawa kabisa. Zaidi ya hayo, kila siku mbili na kidogo ilipotea, ikakaa gizani kwa saa kadhaa, ikarudi. Midundo nayo ilikuwa ikikaribiana na kuachana kidogo kwa mzunguko huo huo wa siku mbili, jinsi mlio wa king'ora unavyobadilika gari likija na likienda. Maelezo yalikuwa ya aina moja tu: kitu kidogo kinachojizungusha kinazunguka nyota kubwa, na kila mara kinapita nyuma yake. Kitu hicho ni nyota ya nyutroni. Ina uzito unaozidi wa Jua uliobanwa katika mpira wa kipenyo cha kilomita ishirini na kitu, usiofikia hata safari ya gari kutoka Malindi mjini hadi Ngomeni. Gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota mwenza huiangukia kwa karibu nusu ya kasi ya mwanga, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi, ikawaka eksirei. Kabla ya Uhuru, ukimwuliza mtu nyota hupata wapi nguvu, jibu lilikuwa nyuklia. Hapa ikaonekana kuwa kuanguka peke yake kunatosha, tena kunazidi.

Cygnus X-1 ilikuwa mkaidi zaidi. Haikuwa na mdundo wa kueleweka. Ilitetemeka ovyo, kwa vipindi vilivyofika sehemu ya kumi ya sekunde au chini yake. Fikiria maana yake. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyokivuka, na katika sehemu ya kumi ya sekunde mwanga huenda kilomita 30,000, zaidi kidogo ya mara mbili ya kipenyo cha dunia. Kwa nyota, hicho ni kipande kidogo mno. Mwaka 1971 wenye darubini za redio walisaidia kupata mahali penyewe, na hapo palikuwa na nyota ya buluu iitwayo HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Canada, wakagundua kwamba nyota hiyo inayumbishwa kila siku 5.6 na mwenza asiyeonekana, mzito kupita kiwango ambacho nyota ya nyutroni inaweza kuhimili. Kilichobaki ni shimo jeusi. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, akakiri kushindwa mwaka 1990. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa takriban Jua 21, umbali wa miaka ya nuru 7,200. Giacconi alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

San Marco iliendelea kurusha, satelaiti tisa kwa jumla, ikiwemo Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974. Roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988. Tangu hapo majukwaa yameachiwa chumvi. Kenya ilipopata satelaiti yake ya uchunguzi wa dunia, Taifa-1, Aprili 2023, iliipeleka California ikarushwa na roketi ya SpaceX. Kibiashara ni uamuzi wa busara, maana kulipia nafasi kwenye roketi ya mwingine ni rahisi kuliko kujenga uwanja. Hata hivyo, inachekesha kidogo.

Kazi ya nchi kavu haikusimama. Antena za kituo cha Malindi hupokea data za Swift, satelaiti iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya miali ya gama, na za IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 kupima jinsi mawimbi ya eksirei yanavyoelekea. IXPE nayo imewekwa juu ya ikweta, kwa sababu ile ile ya kukwepa mikanda ya chembe, na miongoni mwa vitu ilivyovipima mwanzoni ni Cygnus X-1. Data zake huwekwa kwenye hifadhi ya wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuzipakua bila malipo. Mwanafunzi wa fizikia aliye Kilifi anaweza kuzichambua kwa kompyuta ya kawaida, akipata mtu wa kumwelekeza programu zake. Mimi ningeanzia kwa huyo mwelekezaji kabla ya kuzungumzia jukwaa jipya.