Damu katika mkojo: mbele ya kugombana na bibi, tuangalie maji

Kandokando ya mito na maziwa ya Kolwezi na Likasi, tunazoea kuona jambo moja. Baba anashusha mifuko ya mawe kutoka mashimoni. Mama na watoto wanaingia ndani ya maji mpaka magoti, wanaosha, wanachekecha, wanaosha tena. Jioni wanarudi nyumbani na makuta ya unga. Kiisha, siku moja, mtoto mwanaume wa miaka kumi anakojoa na mwisho wa mkojo unatoka mwekundu. Anaona haya, anaficha. Wakubwa wakijua, wengine wanasema: "Acha, njo kukomaa kwake."

Hapana. Ile si kukomaa. Mara nyingi ni bilharzia, ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania wanauita kichocho. Jina linatoka kwa munganga Mjerumani Theodor Bilharz, aliyemuona munyoo wake kule Cairo mwaka 1851, alipopasua maiti ya mtu.

Munyoo huyo ni wa jamaa ya minyoo bapa. Jamaa hiyo ni kubwa, na ndugu zake wengine wanaishi baharini. Kule Ulaya, watu wanaofuga samaki na matumbawe ya bahari ndani ya vyombo vya kioo wanawaogopa sana, maana wengine wanakula matumbawe. Wafugaji hao wamejifunza mambo mawili. La kwanza: ukiosha tumbawe na dawa, mayai yanabaki, na kiisha siku kadhaa vita inaanza upya. La pili: ukitia shaba ndani ya maji, matumbawe yenyewe yanakufa. Sisi watu wa nchi ya shaba, masomo hayo mawili yanatuhusu.

Tuone kwanza namna munyoo wetu anavyoingia. Mtu mgonjwa anakojoa au anajisaidia karibu na maji. Mayai yanapasuka, vitoto vinatafuta konokono wa maji matamu. Ndani ya konokono vinaongezeka, kiisha vinatoka kwa maelfu, zaidi wakati jua ni kali, ile saa njo wengi wetu tuko ndani ya maji. Vinapita katika ngozi kwa dakika chache. Si lazima uwe na kidonda, si lazima unywe ile maji. Baadaye dume na jike wanaishi pamoja ndani ya mishipa ya damu, miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Jike anataga mayai kila siku, na ni mayai hayo yanayoharibu mwili.

Kuna aina mbili tunazopaswa kujua. Ile ya kibofu inaleta damu katika mkojo, na ikikaa miaka mingi inaweza kuleta kansa. Ile ya matumbo inaleta kuharisha damu; ikikomaa, ini na bandama vinavimba, na mtu anaweza kutapika damu.

Lakini kuna jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Mayai ya aina ya kibofu yanaweza kukwama katika sehemu za uzazi za mwanamke. Anatoka damu wakati si wake, anaumia akilala na bwana, mimba haishiki. Bwana anafikiri haraka: "Ile ugonjwa umeitosha inje." Nyumba inavunjika. Kumbe yule mama pengine hana kosa lingine ila kuosha mawe ambayo bwana mwenyewe alichimba.

Dawa iko. Inaitwa praziquantel, na munganga anaipima kwa uzito wa mtu. Mara nyingi inamezwa siku moja tu. Lakini hapa njo somo la kwanza: inaua minyoo mikubwa, haiui ile iliyoingia juzi. Ndiyo sababu unaweza kuambiwa urudi kiisha wiki kadhaa. Tena dawa haikingi: ukirudi mtoni kesho, munyoo anarudi pia.

Na somo la pili? Wengine watasema: shaba tuko nayo mingi, tuue konokono. Zamani ilijaribiwa. Kule Gezira, nchi ya Sudani, walimwaga sulfate ya shaba ndani ya mifereji ya mashamba ya pamba. Inaua konokono, kweli, lakini inaua samaki pia, na konokono wachache wakibaki wanazaa upya. Mito yetu tusiiongezee sumu.

Basi tukate kamba pale ambapo mikono yetu inafika. Ni mkojo na mavi yetu yanayompa konokono ugonjwa. Choo kimoja kilichochimbwa mbali na maji, kwenye kila mahali pa kuoshea mawe, kinafanya kazi kuliko maneno mengi. Wakubwa wa koperative, tunawaomba mkianze. Mawe yaoshwe inje ya mto, ndani ya beseni. Anayelazimika kuingia avae mabuti marefu ya mpira, na watoto wabaki inje. Maji ya kuoga yachemshwe, au yachotwe bila konokono na kukaa ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili nzima: vile vitoto vinakufa vyenyewe.

Na mtoto akisema, "Baba, niko nakojoa damu," asichekwe, asipigwe. Ashikwe mkono mpaka kituo cha afya, wapime mkojo na mavi. Mama aende naye. Na baba pia apimwe, maana maji ni yale yale.