UA WA NYUMA UWE MAHALI PA KUPUMZIKIA NA KUPOKEA WAGENI

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mara nyingi mgeni ajapo hukalishwa katika chumba chenye joto, watu wamesongamana, hali nyuma ya nyumba pana nafasi ya kuwatosha watu ishirini. Nafasi hiyo imeachiwa takataka, mabati mabovu na maji ya kuogea. Watoto, kwa kukosa uwanja nyumbani, huchezea barabarani penye magari. Baba, kwa kukosa kiti kivulini, huenda kupumzikia kilabuni. Hivyo ua ulioachwa ovyo hauharibu sura ya nyumba tu, bali huwatawanya watu wake.

Kuutengeneza ua si kazi ya matajiri peke yao. Lililo kubwa ni kufuata utaratibu: kwanza maji, pili kivuli, tatu sakafu, na mwisho viti. Aanzaye kwa kununua viti hupoteza fedha zake, kwani mvua ya kwanza itavikuta matopeni.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miji ya Waswahili, kama Lamu na Mombasa, mbele ya nyumba huwa na baraza ya kukalia wanaume, na nyuma huwa na ua ambapo wanawake hupika na kuzungumza na rafiki zao. Wakikuyu walikuwa na thingira, na Wajaluo walikuwa na duol, ambamo mwenye mji alikaa na wageni wake. Wote walijua ya kuwa mapumziko na mazungumzo yahitaji mahali pake.

MAJI KWANZA

Mvua inyeshapo, toka nje uangalie maji yanasimama wapi na yanakwenda wapi. Hapo ndipo kazi ianzapo. Ardhi yapasa iteremke kutoka ukutani kwenda nje. Mteremko wa inchi moja kwa kila futi nne watosha. Chimba mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua mbali na nyumba, wala usiyaelekeze kwa jirani.

Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yasimwagwe ovyo. Chimba shimo mbali na kisima, ulijaze mawe, ili maji yafyonzwe na udongo. Au yaelekeze kwenye migomba, nayo itayatumia.

Sababu yake ni hii. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyosimama. Mayai huwa viluwiluwi, na viluwiluwi huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Mbu wengine hawahitaji hata dimbwi: kopo, gurudumu la zamani la gari au kifuu cha nazi chawatosha. Mbu wa namna hiyo ndio waenezao homa ya dengi, iliyowasumbua watu wengi wa Mombasa katika miaka ya 2013 na 2014. Kwa hiyo ondoa vyombo vyote vibovu, funika mapipa ya maji, na kila wiki mwaga maji yaliyosimama. Ua wenye mbu hauna mgeni atakayetaka kukaa jioni.

KIVULI

Katika nchi yetu jua linaloudhi zaidi ni la alasiri. Basi panda mti upande wa magharibi wa mahali pa kukalia. Pwani na penye joto, mwarobaini hukua upesi na huvumilia ukame. Mwembe una kivuli kizito na matunda, ila wataka subira na nafasi. Upandwe futi 20 au zaidi kutoka ukutani. Mkaratusi usipandwe karibu na nyumba, kwa maana hunywa maji mengi na matawi yake huanguka. Nako Limuru na Nyandarua, kwenye baridi na ukungu wa mwezi wa Julai, haja si kivuli bali kinga ya upepo. Huko weka viti mahali pa kupata jua la asubuhi.

Asiyeweza kungoja mti asimamishe nguzo nne, aweke fito juu, na kupandisha mmea wa matunda ya pasheni. Pwani makuti yafaa sana, lakini paa la makuti lataka mwinamo mkali ili lisivuje, tena lisiwe karibu na moto.

Kwa wigo, jihadhari na minyaa, ambayo wengine huiita manyara. Utomvu wake mweupe huunguza macho, na watoto hupenda kuvunja vijiti.

SAKAFU

Sehemu ya watoto iwe ya majani. Ukoka hupandwa kwa vipande vya mizizi mwanzo wa mvua, nao huenea wenyewe. Mahali pa kukalia pawe na changarawe iliyoshindiliwa, au mawe bapa, au saruji ukiwa na uwezo. Kipimo cha zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na unene wa inchi tatu au nne. Ikiisha kumwagwa, ilowanishwe kwa maji kila siku kwa muda wa siku saba. Ikikauka upesi itapasuka. Nafasi ya futi 12 kwa 12 yawatosha watu wanane wakiwa na meza.

VITI NA MICHEZO

Baraza ya matofali iliyojengwa kando ya ukuta haiibwi wala haivunjiki, tena hukalisha watu wengi kuliko viti. Mkeka na mito humalizia kazi. Bembea ya kamba ifungwe kwenye tawi nene lililo hai, na chini yake pamwagwe mchanga, si mawe. Kwa wakubwa, ubao wa bao wenye mashimo 32 na kete 64 utawakalisha pamoja wazee na vijana jioni nzima.

MOTO NA MAKELELE

Mahali pa kuchomea nyama pawe upande upepo uendako, ili moshi usiwaendee wageni. Karamu ikiisha, jiko lenye makaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota moto. Hewa yenye sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi, na watu wamekufa usingizini kwa sababu hiyo. Makaa yazimwe kwa maji huko huko uani.

Muziki nao uwe wa kiasi. Kanuni za serikali za mwaka 2009 hukataza makelele ya kuwaudhi majirani, hasa usiku. Lakini hata bila ya kanuni, jirani aliyealikwa hachukizwi na ngoma kama jirani aliyesahauliwa.

Wapangao mjini, ambao ua wao ni wa watu wengi, waweza kupatana: huyu afagie, yule azibue mfereji, na benchi moja inunuliwe kwa mchango. Mwenye nyumba aulizwe kwanza kabla ya kuchimba au kujenga. Maua yaweza kupandwa katika madebe yaliyotobolewa chini.

Kazi yote haifanywi kwa siku moja. Mwezi huu ondoa takataka na uchimbe mfereji. Mvua zikianza panda mti na ukoka. Baada ya mavuno au mshahara, jenga baraza. Ukifanya hivyo, mgeni ajapo hutatafuta pa kumweka, na watoto wako utawaona wakicheza mbele ya macho yako.