Ziwa la Magadi na Heroe

Katika Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, huuzwa mabonge meupe au ya kijivu yaitwayo magadi. Wapishi huyatia kidogo katika maharage au makande ili yaive upesi. Magadi ya namna hii hupatikana katika maziwa ya Bonde la Ufa. Tulizuru mojawapo, Ziwa Natron, lililoko kaskazini mwa Tanzania mpakani na Kenya.

Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Karibu na ziwa, ardhi imejaa mchanga na majivu ya Ol Doinyo Lengai, volkeno iliyo hai. Hapa hufaa gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu yote manne. Mawili yakiteleza, mengine huweza kushika ardhi na kulisukuma gari.

Magadi hutokeaje? Mito na chemchemi za maji moto huingiza ziwani maji yenye chumvichumvi zilizotoka katika miamba ya volkeno. Hakuna mto unaotoka ziwani. Jua kali hugeuza maji kuwa mvuke, lakini magadi hubaki. Wakati wa kiangazi hufanya ganda gumu juu ya matope.

Jaribio: Koroga vijiko viwili vya chumvi katika nusu kikombe cha maji. Mimina maji hayo katika sahani, uyaweke juani mpaka yakauke. Je, ni nini kilichobaki?

Heroe wadogo ni ndege warefu wenye rangi ya waridi. Rangi hiyo hutokana na viumbe vidogo sana vya majini wanavyokula. Katika Afrika Mashariki, Ziwa Natron ndilo mahali pekee wanapozaliana mara kwa mara. Hujenga viota vya matope juu ya ganda, na kila jike hutaga yai moja. Fisi na mbweha hushindwa kuvifikia, kwa sababu maji ya magadi huunguza ngozi na matope huwazamisha. Gari nalo likipita juu ya ganda huweza kuzama. Kwa hiyo huachwa mbali na ufuko.

Maji yakizidi, viota hugharikishwa. Yakipungua mno, wanyama wakali huweza kuvifikia. Mwaka 2007 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapa. Magadi hutumika kutengeneza kioo na sabuni. Hata hivyo, wataalamu wa ndege walionya kwamba heroe wangeweza kupoteza mahali pao pa kuzalia. Kiwanda hicho hakikujengwa.

Maswali
1. Kwa nini magadi hubaki ziwani maji yanapokauka?
2. Ganda na matope huwalindaje makinda ya heroe?
3. Watu wakichota maji mengi kutoka katika mito iingiayo ziwani, heroe watapatwa na nini? Eleza sababu.