Kwa nini chakula cha dukani ni ghali Lubumbashi



Makanisa yetu ya mashariki yana watu wengi Lubumbashi. Wako vijana wanaosoma chuo kikuu, wako wanaofanya kazi kwenye migodi, wako watumishi waliohamia huko pamoja na jamaa zao. Wako pia wageni kutoka nchi za mbali, walimu, waganga na wainjilisti, ambao makanisa yetu hushiriki kuwapokea na kuwatunza. Watu hawa hawafanani, lakini wakituma habari nyumbani wanalia jambo moja: chakula cha dukani ni ghali mno. Maziwa ya unga, siagi, jibini, tambi, chakula cha watoto wachanga, kuku wa barafu, vyote vina bei inayomfanya mtu ashike kitu, asome bei, kisha akirudishe mahali pake.

Habari hizo zikitufikia huku, tunazijibu haraka. Mmoja anasema wafanyabiashara wa kule hawana huruma. Mwingine anasema mgeni amezoea raha, basi ajifunze kula bukari na sombe kama wengine. Kuna ukweli kidogo katika kila jibu, lakini hakuna hata moja linaloieleza bei yenyewe. Kamati inayopanga posho ya mtumishi inapaswa kuielewa bei hiyo, maana ikikosea hesabu, mtumishi atakopa au atarudi kabla ya wakati wake. Tena tukiifuata bei hiyo mpaka chanzo chake, tutakuta kwamba anayeumia zaidi si mgeni.

Mji ulio mbali na bahari

Lubumbashi iko ndani kabisa ya bara. Bandari ya Dar es Salaam iko karibu kilomita 2,000 kwa barabara, kupitia Tunduma na kuvuka Zambia. Bandari ya Durban, Afrika Kusini, ni mbali zaidi: ni zaidi ya kilomita 2,500. Lori linalotoka huko linapita Zimbabwe na Zambia, au linapita Botswana na kuingia Zambia kwa daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021. Njia hizo zote hukutana Kasumbalesa, mpaka ulio karibu kilomita 90 kutoka mjini. Nchi yetu ina bandari yake Matadi, lakini hakuna barabara nzuri inayotoka huko mpaka Katanga. Kwa hiyo mkaaji wa Lubumbashi, hata akiwa Mkongomani mwenye uraia wake, anakula kwa njia ya nchi jirani.

Jambo hili si la jana. Frederick Stanley Arnot, mmisionari Mprotestanti aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, alitokea pwani ya Angola kwa safari ya miguu, na mizigo ilibebwa na wapagazi. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na mahindi ya kulisha wafanyakazi wa migodi yakawa yanaletwa kwa treni kutoka Rhodesia. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganisha Katanga na bandari ya Lobito, lakini vita vya Angola viliikata njia hiyo kwa miaka mingi. Mji ulijengwa kwa ajili ya shaba, na tangu mwanzo tumbo lake lilitegemea barabara ya shaba.

Hesabu ya sanduku moja

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Si bei ya duka fulani, ni hesabu tu. Mfanyabiashara ananunua katoni za chakula kwa dola 100 huko Afrika Kusini. Usafiri na bima mpaka mpakani ni dola 30. Sasa mzigo unahesabiwa dola 130, na forodha, ile tunayoiita duane, haiangalii zile 100 peke yake. Inaangalia 130 yote. Ushuru wa kuingiza vitu katika nchi yetu una ngazi za asilimia 5, 10 na 20. Kama chakula hicho kiko kwenye ngazi ya 20, ushuru ni dola 26, na tumefika 156. Baada ya hapo inakuja TVA, kodi ya asilimia 16 iliyoanza mwaka 2012. Nayo inahesabiwa juu ya 156, si juu ya 100. Ni karibu dola 25. Jumla sasa ni dola 181.

Tazameni vizuri: mfanyabiashara bado hajajiongezea hata senti moja. Bado hajalipa wakala wa forodha, wala huduma nyingine za mpakani, wala gari la kutoka Kasumbalesa mpaka mjini, wala kodi ya nyumba ya duka, wala mishahara.

Kuna jambo la pili katika hesabu hiyo. Kama mafuta ya gari yamepanda na usafiri ukawa dola 40 badala ya 30, mtu angedhani bei itaongezeka dola 10. Sivyo. Ushuru na TVA vinapanda pamoja na usafiri, na nyongeza inakuwa karibu dola 14. Ndiyo sababu mji ulio mbali unaumia mara mbili: unalipia barabara, halafu unalipa kodi juu ya barabara ile ile.

Si kila kitu kinalipa ushuru wa juu. Lakini vitu ambavyo mgeni anavitamani, vile vilivyotengenezwa na kufungwa vizuri kiwandani, mara nyingi haviko kwenye ngazi ya chini.

Yale yasiyoandikwa kwenye fakitire

Gharama nyingine hazionekani kwenye karatasi. Ya kwanza ni foleni. Barabara ya Kasumbalesa ndiyo inayotoa shaba na kobalti, tena ndiyo inayoingiza salfa, mashine na mafuta ya migodi. Lori la chakula linasimama katika foleni moja na malori hayo, na mara nyingine foleni inachukua siku nyingi. Dereva anakula, gari halizalishi, na kuku wa barafu anahitaji mashine ya ubaridi ifanye kazi usiku na mchana. Siku hizo zote zinaingia katika bei.

Ya pili ni umeme. Duka lenye friji haliwezi kungoja umeme urudi. Linawasha jenereta, na mazuti ya jenereta yanalipwa na mnunuzi wa siagi.

Ya tatu ni uchache wa wanunuzi. Vunga inaliwa na mji mzima, kwa hiyo gunia halikai dukani. Lakini chakula cha asubuhi cha watoto wa Ulaya, au jibini ya namna fulani, kinanunuliwa na watu wachache. Katoni moja ikifika, nusu yake inaweza kupitisha tarehe kabla ya kuuzwa. Mwenye duka anajua hivyo, na ile nusu inayonunuliwa inabeba hasara ya nusu inayotupwa.

Ya nne ni feza yenyewe. Bidhaa za nje zinanunuliwa kwa dola, nyingi zinauzwa kwa franka. Franka ikianguka, bei inapanda upesi. Mwaka 2025 franka ilipata nguvu mbele ya dola baada ya miaka mingi ya kushuka, na wengi walitazamia bei zishuke siku hiyo hiyo. Lakini mzigo ulionunuliwa kwa kiwango cha zamani hauuzwi upesi kwa kiwango kipya. Kwa anayepokea posho ya dola ilikuwa taabu ya namna nyingine: dola yake ilimpa franka chache kuliko mwanzo, na bei za franka zilichelewa kushuka.

Wageni hawafanani

Tunaposema mgeni, tusimfikirie mhandisi wa mgodi peke yake. Huyo mara nyingi analala na kula kwenye kambi ya kampuni, na kampuni ndiyo inayobeba bei. Mgeni anayeumia ni yule anayeishi mjini kwa posho ndogo iliyopangwa na watu walio mbali: mwalimu wa kujitolea, mwanafunzi kutoka nchi jirani, jamaa ya mtumishi yenye mtoto mchanga.

Na mtu wetu wa Butembo au Bukavu je? Hajavuka mpaka wa nchi, lakini mezani ni mgeni vilevile. Maharage ya kwao, viazi vya kwao na jibini ya Masisi, vitu vinavyopatikana kwa urahisi Kivu, vikifika Lubumbashi vinakuwa kama bidhaa za ng'ambo. Hakuna barabara moja nzuri inayounganisha Kivu na Haut-Katanga. Mzigo unashuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie au Moba, kisha unangoja gari au treni, au unapanda ndege. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025 kwa sababu ya vita, njia ya haraka ya kutuma kifurushi kutoka huko ilikatika. Ukubwa wa nchi yetu unafanya chakula cha ndugu kiwe ghali kama cha mtu wa mbali.

Anayeumia zaidi

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mgeni anaisikia bei ya barabara kwenye jibini. Mwenyeji anaisikia kwenye vunga. Sehemu kubwa ya mahindi na unga unaoliwa Lubumbashi inatoka Zambia, kwa mpaka ule ule wa Kasumbalesa. Tarehe 29 mwezi wa 2, 2024, rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na nchi hiyo ikazuia mahindi yake yasitoke. Hakuwa na kosa. Mzazi hulisha watoto wake kwanza. Lakini Katanga ikabaki inatafuta unga mbali zaidi, kwa bei zaidi. Mwezi wa 8 mwaka huo huo, baada ya nchi yetu kuzuia vinywaji kutoka Zambia na wasafirishaji kugoma, Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania.

Mgeni akikosa jibini, anaweza kula yai. Mama wa mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi akikosa vunga, hana kitu cha kuweka mahali pake. Anapunguza kipimo, na watoto wanakula mara moja kwa siku. Tena dukani hakuna bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Mwalimu Mkongomani anayefanya kazi bega kwa bega na mwalimu kutoka nje, kwa mshahara mdogo kuliko wake, akihitaji maziwa ya mtoto analipa bei ile ile.

Kwa hiyo malalamiko ya mgeni si upuuzi, wala si jambo lake peke yake. Ni ishara ya ugonjwa ulio katika nyumba nzima: mji mkubwa usiojilisha.

Makanisa yafanye nini

Kwanza, kamati itakayopanga posho itenganishe mistari miwili. Mstari mmoja ni wa vitu ambavyo mtu hawezi kuviacha: maziwa ya mtoto asiyenyonya, chakula cha mgonjwa wa sukari au mwenye mwili unaokataa vyakula fulani. Hivyo viulizwe bei Lubumbashi kwenyewe, mwezi huu, na vilipwe bila kumwaibisha mtu. Mstari wa pili ni wa chakula cha kila siku, na huo uhesabiwe kwa bei ya soko, si kwa bei ya duka kubwa.

Pili, mgeni asiachwe aende sokoni peke yake. Dada mmoja wa kanisa amsindikize soko la Kenya au soko la Mzee Kabila majuma ya kwanza, amwonyeshe kipimo, majira na bei. Atajifunza sombe na lengalenga, uyoga wakati wa mvua, samaki wanaotoka Kasenga kwenye mto Luapula. Mgeni aliyesindikizwa hivyo anapata chakula, anapata na jamaa. Lakini asilazimishwe kwa maneno ya kumcheka. Mtu aliye mbali na kwao akitamani mara moja kwa mwezi ladha ya kwao, hiyo si kiburi. Sisi wenyewe tukienda Ulaya tunatafuta unga wa muhogo na samaki wakavu, na tunalipa bei ambayo hatuthubutu kuitaja nyumbani.

Tatu, posho ya mgeni na mshahara wa mwenzake mwenyeji vipangwe kwenye meza moja. Bei ya vunga ikipanda, kamati isimwongezee mgeni peke yake kwa sababu ndiye aliyeandika barua. Mwenyeji naye ananunua gunia hilo hilo, hata kama hakuandika.

Nne, makanisa yenye mashamba kuzunguka Lubumbashi yasiyaache yawe nyasi. Gunia lililovunwa karibu na mji halipiti foleni ya Kasumbalesa wala halingoji uamuzi wa serikali ya nchi nyingine. Halitashusha bei ya mji mzima, lakini linaweza kulisha wanafunzi wa chuo cha Biblia, wajane wa kanisa, na mgeni aliyefikia kwao. Msimu wa kupanda huko unaanza mvua zinaporudi, kati ya mwezi wa 10 na wa 11. Mbegu na mbolea zinunuliwe kabla ya hapo, wakati kamati bado ina feza mkononi.